Kaka Yangu Batt na Utepe wa Kamati

Senan Mulqueen alimzuia kaka yangu kuingia kwenye shamba la baba yetu, mchana kweupe, watu wakitazama, na mimi nilikuwepo, nimebeba trei ya mikate. Kila Kwaresima Padri ananiambia nisamehe. Namwambia, Padri, samehe wewe, ndiyo kazi yako, unalishwa kwa hiyo. Mimi nilizaliwa kukamua ng'ombe.

Kaka yangu aliitwa Batt Curtin, wa hapa Kilcorran, Limerick magharibi, na tulimzika mwaka juzi. Kanisani walisema alikuwa mtu mpole. Mpole! Nimekaa na yule mtu nyumba moja tangu nizaliwe. Alikuwa na maringo kama jogoo, mbishi, bahili wa sukari, na akishavaa suti yake ya Jumapili huwezi kumwambia kitu mpaka Jumatatu. Ila alikuwa kaka yangu, farasi walimpenda, na mimi naumia watu wakimsingizia hata sifa. Basi acha nimseme mwenyewe.

Baba alikufa Batt akiwa bado hajaota ndevu sawasawa. Shamba akaachiwa yeye, kama ilivyo desturi, na mimi nikaachiwa chumba cha juu na kiti karibu na jiko kwa maisha yangu yote, imo kwenye wosia. Ndivyo mabinti tulivyorithi siku zile: kiti. Sikuolewa, kwa sababu walionitaka sikuwataka, na yule niliyemtaka alikwenda Boston, akapotelea huko. Batt naye hakuoa. Kwa mbali wanawake walimwona mzuri. Wakisogea karibu wanamkuta anasimulia habari za jike lake la farasi, Bridgie, tangu supu mpaka chai.

Huyo Bridgie ndiye aliyeleta mambo yote haya. Paa la kanisa lilikuwa linavuja, padri wa zamani akataka siku ya michezo ili watu watoe chochote, na Batt akasema chukueni Shamba Refu, lile la kando ya barabara, bure. Wakaleta mapipa matupu ya bia kutoka baa ya Sheehy yawe viunzi vya farasi kuruka. Wakakata miti msituni. Wakachomoa mlango wa banda letu la kuku, wakaupaka rangi nyekundu, ukasimamishwa ukawa ukuta. Kuku wangu walilala nje siku mbili. Vijana wenye farasi wakaja kuruka, na Batt akaruka vyote na Bridgie bila kuangusha hata ufito mmoja. Pale kwenye mlango wa kuku nilisimama karibu mno, nikaona tumbo la yule farasi likipita juu ya kichwa changu. Zawadi ilikuwa paja la nguruwe. Tulilila mpaka tukalichukia.

Mwaka uliofuata watu wakaja kutoka Kerry. Mwaka mwingine kutoka Tipperary, na malori ya kubebea farasi. Paa la kanisa likaisha kutengenezwa, maonyesho ya farasi yakaendelea, kwa kuwa watu walishayazoea. Hapo ndipo akatokea Mulqueen.

Mulqueen alikuwa dalali wa mashamba na nyumba, mtu wa kofia nzuri na gari refu, mwenye sauti ambayo hata akikukanyaga mguu unajikuta unamshukuru. Akasema Kilcorran inahitaji kamati. Kweli ikaundwa, wote watu wa mjini: yeye mwenyekiti, Donagh Hartnett daktari wa mifugo, Jerome Sheehy mwenye baa, ambaye ndiye pia mtu wa majeneza, na wengine wa mfano huo. Kila mmoja akatengenezewa utepe wa kijani wenye maandishi ya dhahabu, wa kubandika kifuani. Mwenye utepe anaingia uwanjani, anakaa na waamuzi, anakula samoni kwenye hema la kamati. Asiye na utepe anakaa nyuma ya kamba kama ndama.

Batt hawakumpa. Sijui walisahau au walikusudia, na mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi. Asubuhi ya maonyesho alivaa suti, akapaka viatu rangi, akashuka kwenye lango la Shamba Refu. Kulikuwa na mtu wa kukodiwa pale, mgeni, hakumjua. Akamwuliza utepe uko wapi. Batt akamwambia, bwana, hili shamba ni langu. Yule mtu akacheka, akasema leo kila mtu shamba ni lake. Akaitwa Mulqueen. Nikasema moyoni, haya, sasa yataisha. Mulqueen akaja na utepe wake kifuani, akamshika Batt bega, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Batt, rafiki yangu, leo ni siku ya kamati. Hebu nenda ukatuangalizie malori. Hakuna anayejua malori kama wewe."

Watu wakacheka. Batt hakuwa na lori, hakuwahi kuwa na lori maishani mwake. Na nikuambie kilichoniua mimi si kile kicheko. Ni kwamba alikwenda. Aligeuka na suti yake akaenda kwenye malori, akaanza kuwaonyesha madereva pa kuegesha. Nilisimama na trei yangu, mkate ukaniangukia kwenye matope, sikuona.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila Agosti, miaka ishirini, Batt wa malori. Wala hakukasirika, hilo ndilo lililonikera. Alikuwa akiutamani ule utepe kama mtoto anavyotamani peremende dirishani. Akikutana na Mulqueen baada ya Misa atasema, kwa kuzunguka, kwamba nasikia mzee fulani wa kamati amefariki, Mungu amrehemu, sijui nafasi yake mtafanyaje. Mulqueen atasema tutaangalia, Batt. Walikuwa wakiangalia.

Basi maonyesho yakakua mpaka yakashindwa kukaa kwenye Shamba Refu. Mulqueen akasema Kilcorran itajulikana Ujerumani. Nani alimwambia tunataka kujulikana Ujerumani? Wakanunua ardhi iliyopakana na yetu, wakajenga uwanja wenye paa, mkubwa, ukiwa ndani ukipiga chafya inakurudia. Mimi nilikuwa nikifanya kazi jikoni mle wakati wa mashindano, nikikata mkate na kuosha vikombe, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Philomena, mke wa daktari Hartnett, alikuwa akija kukaa na sisi jikoni akichoka na wakubwa, na ulimi wake hauna kufuli.

Yeye ndiye aliyeniambia bei ya mchanga. Nilidhani amelewa. Mchanga! Nchi hii ukichimba kaburi unatoa mchanga. Lakini hapana, farasi wa kuruka viunzi hatui kwenye mchanga wowote tu, atavunjika mguu, lazima uje mchanga wa namna yake, mweupe, umechanganywa na nyuzi za vitambaa, umeletwa kwa meli. Malori mangapi sijui, Batt ndiye aliyeyaegesha. Bei ya ule mchanga ungenunua nyumba yetu na ng'ombe wote, na ukabaki na za kuninunulia mimi koti. Nilikwenda nikauchota mkononi nikautazama. Ulikuwa mchanga.

Halafu farasi wenyewe. Alikuja mmoja wa Kiholanzi, na mwanamume wa kumkanda mgongo. Si tabibu, nilikuwa nimefikiri tabibu. Mtu wa kumkanda tu, asubuhi na jioni, na analala hotelini kwa gharama ya kamati. Mgongo wangu mimi haujawahi kukandwa na mtu tangu nibatizwe. Maua ya kupamba viunzi yalitoka Uholanzi pia, wakati mitaro yetu yote mwezi huo imefurika maua mpaka ng'ombe wanayala. Nikamwuliza Philomena, anayelipa ni nani?

Akanieleza, nami nikaelewa, maana haihitaji shule. Waendeshaji farasi maarufu hawaji pasipo zawadi kubwa. Wasipokuja wao, televisheni haiji. Televisheni isipokuja, mdhamini hatoi. Mdhamini asipotoa, zawadi inatoka wapi? Ni mbwa anayefukuza mkia wake mwenyewe, na kila mwaka inabidi akimbie zaidi. Kila majira ya baridi kamati inakopa benki, kila Agosti inaomba jua ili watu wajae walipe kiingilio, na wewe unaijua mvua ya Limerick. Nikasema, kwa hiyo hampati faida? Philomena akanitazama kama niliyemwuliza kama kuku wana meno. Akasema, Nonie mama, hatujawahi kupata hata senti tangu tuweke paa.

Nilikaa chini. Kilcorran nzima tuliamini watu wale wanaogelea kwenye pesa. Tuliwanunia kwa ajili hiyo miaka kumi! Kumbe tulikuwa tunawaonea wivu watu wanaozama.

Mwaka uliofuata mambo yakaanza kukatika kama uzi wa sweta. Mdhamini wao alikuwa kiwanda cha siagi. Kikauzwa kwa watu wa Dublin, nao wakasema farasi hawauzi siagi. Televisheni ikasema inapendelea mpira. Kisha kiunzi kikamwangukia mama mmoja aliyekaa mbele, hakuumia sana, mtulinga tu, lakini watu wa bima wakapandisha bei mara tatu. Na Mulqueen, badala ya kupunguza, akaongeza zawadi. Alisema ukionekana maskini hakuna anayekuja. Nilimwona Misani na koti jipya.

Mwishowe wale waendeshaji wa Ulaya wakachoka kungoja pesa za zawadi mpaka Krismasi. Wakasema safari hii zawadi iwekwe benki kabla farasi hajapanda meli. Benki nayo ilikuwa na meneja mpya, kijana mkavu. Akawaambia kamati hakopeshi tena kwa maneno. Anataka ardhi. Ardhi safi, isiyo na deni lolote, na ingekuwa bora ipakane na uwanja.

Ardhi gani iko safi Kilcorran na inapakana na uwanja? Nakuachia ufikiri.

Batt aliniambia Jumapili, tukiwa tunakula. Alikuwa amenyoa vizuri mno. Akasema kamati wanakuja hapa nyumbani Alhamisi, niwaokee mkate wa magadi, na nimpigie pasi shati jeupe. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutotabasamu, kwamba wanamfanya makamu mwenyekiti. Na utepe.

Kijiko kikaniponyoka. Nikasema, "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Sahihi tu."

"Sahihi ya nini, Batt?"

"Ya shamba. Kwa benki, mpaka Agosti tu. Ni dhamana. Mulqueen anasema sote tumo."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko juu ya shamba, Nonie, itakwenda wapi?"

Nikamwambia mimi nina chumba changu kwa wosia wa baba. Akasema chumba changu hakiguswi na mtu. Nikamwuliza, shamba likichukuliwa, hicho chumba kitakaa juu ya nini, juu ya mawingu? Nikamwambia yaliyobaki. Kwamba watu wale walimtupa kwenye malori mbele ya parokia nzima. Kwamba siagi imekwenda, televisheni imekwenda, na sasa wanakuja kwake kwa sababu kila mlango umeshafungwa. Kwamba kwa kitambaa cha inchi nne yuko tayari kutuweka barabarani, mimi na miguu yangu hii ya kuvimba.

Nilitegemea atapiga meza. Hakupiga. Akasukuma sahani.

"Wewe hujawahi kuelewa," akasema. "Kile kitu ni changu. Mimi ndiye niliyekianza, mimi na Bridgie. Sina mke, sina mtoto. Nikiulizwa huko mbele nilifanya nini duniani, nitasema niliruka mlango wa kuku? Maonyesho yakifa, Nonie, basi mimi sikuwepo."

  Nilimtazama mzee mzima, nywele zimekwisha, mikono imepinda kwa baridi yabisi, na nikaona kwamba atatia sahihi. Hakuna neno duniani la kumzuia. Nikapiga pasi lile shati huku nalia kwa hasira, na sikulikunja vizuri, kwa makusudi.

Alhamisi wakaja watatu, Mulqueen, Hartnett na Sheehy, na gari refu wakaliacha uani juu ya maua yangu. Batt akawapokea mlangoni kama askofu. Wakakaa mezani. Mkate sikuoka. Birika niliweka motoni likachemka, nikaliacha lichemke. Huku kwetu hata mdai akija unampa chai, hata polisi. Mtu akitoka nyumbani kwako bila chai, amejua anavyotazamwa. Batt alinikonyeza mara mbili nimimine. Nikajifanya naangalia kuni.

Mulqueen akaanza. Alisema mambo mengi matamu, kuhusu heshima ya parokia, na waanzilishi, na kwamba jina la Curtin lilipaswa kuwa pale mbele tangu zamani, alijilaumu mwenyewe. Halafu akatoa utepe mfukoni akauweka mezani, katikati, taratibu, kama mtu anayemwekea paka samaki. Niliusogelea. Ulikuwa na doa la mchuzi. Hata mpya hawakumnunulia.

Batt hakuona doa. Aliuona utepe tu. Akaugusa kwa kidole.

Hartnett akazitoa karatasi za benki, akazitandaza, akamwonyesha mahali pa kuandika. Kalamu walikuja nayo, nzito, ya dhahabu. Batt akaichukua. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, na nakuambia kweli, nilikuwa nimeanza kuliaga jiko lile. Nilitazama ukuta, nikatazama sakafu aliyoipiga deki mama yangu.

Batt akaishika kalamu juu ya karatasi. Kisha, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu jambo lifanyike kwa taratibu zake, akasema:

"Panda wewe kwanza, Senan."

Mulqueen akasema, "Vipi?"

Ninyi mnaomjua farasi mnajua. Mnadani kwetu hakuna mwanamume anayenunua farasi kabla hajamwona mwenye farasi amempanda mwenyewe. Anaweza kuwa mzuri kama picha, meno mazuri, miguu mizuri, lakini unamwambia muuzaji panda, nikuone juu yake. Akipanda, mnapigana viganja kuwa mmekubaliana. Asipopanda, unakwenda zako kunywa bia, na hakuna anayekasirika. Si tusi. Batt alikuwa amesema hivyo maisha yake yote, hata kwa jamaa zake.

"Umesema sote tumo," Batt akasema. "Basi nikuone juu. Hati ya nyumba yako weka hapa, nami naweka yangu juu yake. Halafu Donagh, halafu Jerome. Tushikane mikono, Nonie atupe chai."

Alikuwa anatabasamu. Aliamini kabisa. Alikuwa akingojea waweke, ili atie sahihi.

Mulqueen akarekebisha kofia yake juu ya goti. Akasema mambo ya kisheria ni magumu kidogo. Akasema kwa sasa nyumba yake haiko, sijui asemeje, mikononi mwake.

"Iko benki tayari?" Batt akamwuliza, kwa huruma.

"Hapana. Ni ya Dympna."

Dympna ni mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi," akasema Mulqueen. "Na shamba la kule juu pia. Ni ushauri wa wakili tu, Batt, haina maana yoyote."

Birika lilikuwa likipiga kelele, nikaliondoa motoni ili nisikie vizuri. Batt akamgeukia Hartnett. Akamwuliza, na wewe, Donagh, shamba la mtoni? Hartnett, mtu aliyesoma Dublin, mtu aliyeingiza mkono kwenye ng'ombe wote wa wilaya hii, akatazama dirisha kama aliyeona ndege. Akasema la mtoni ni la Philomena. Na nyumba. Na gari.

"Jerome?"

Sheehy si mtu mbaya, ni mwoga tu. Akaikunja kofia yake.

"Carmel," akasema, jina la mkewe.

"Baa?"

"Baa, Batt. Na majeneza."

"Hata majeneza?"

"Hata majeneza," Sheehy akasema, akaanza kulia.

Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi. Nimeona ng'ombe amepigwa na radi akabaki amesimama. Lakini sijawahi kupigwa na butwaa kama siku ile. Nilijua ni wezi wa heshima, nilijua ni wanafiki, nilikuwa nimewachukia miaka ishirini kwa bidii na kwa mpango. Hata hivyo sikuwa nimewawazia hili. Hawa watu walikuwa wameshatoka wote! Kila mmoja kwa mlango wa mkewe, kimyakimya, tangu Krismasi, huku wanaimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana kwenye viti vya mbele. Na katika parokia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyebaki wa kumwachia moto, yule mpumbavu wa malori, kwa kuwa wanajua anachokitaka na wanacho mfukoni.

Batt alikuwa amekuwa mweupe kama shati.  Akaiweka kalamu chini, akaisukuma mpaka upande wa Mulqueen.

"Nyumba inaungua," akasema polepole, "mmeshatoa vitanda vyenu. Halafu mnanialika nije nilale."

Mulqueen akasema si hivyo. Akasema Wajerumani wanangoja kupakia farasi. Akasema jina la Kilcorran litaandikwa magazetini, aibu ya parokia, aibu ya Batt pia, kwa sababu yeye ndiye mwanzilishi, si amesema mwenyewe. Batt akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu, na hii nitaikumbuka mpaka Sheehy, au tuseme Carmel, atakaponipigilia misumari ya jeneza.

"Senan, ningekusaidia. Lakini mimi sina mke wa kumwandikia. Kwa hiyo itabidi shamba nibaki nalo."

Mulqueen akasimama. Akakaa tena. Na hapo nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona upande huu wa kaburi: aliweka mikono yote miwili mezani, wazi, akasema, "Batt, nakuomba." Sauti ile yote ya udalali ilikuwa imemtoka. Ilibaki ya mzee mwenye hofu. Alisema benki wakija watachukua uwanja, watang'oa paa, watauza mpaka mchanga. Alisema hajalala tangu Pasaka.

 Macho ya Batt yalikuwa kwenye utepe, na sikupenda yalivyokuwa. Alikuwa anamwonea huruma, mjinga yule, nilimjua. Lakini mkono wake haukusogea kwenye kalamu.

Ndipo Mulqueen akanigeukia mimi. Miaka ishirini hajawahi kunisemesha zaidi ya hali ya hewa.

"Nonie," akasema, "mwambie kaka yako. Maonyesho haya ni ya parokia nzima. Hutayaacha yafe, wewe mwanamke wa sala."

"Yasife?" nikamwambia. "Kamwambie Dympna ayafufue. Si ndiye mwenye mali?"

Hartnett alikusanya karatasi zake bila kumtazama mtu. Sheehy alijipiga kichwa kwenye kizingiti akitoka, ni mrefu mno kwa mlango wetu. Mulqueen akawa wa mwisho, akauchukua ule utepe mezani, akasita, akaurudisha mfukoni mwake. Gari lilizunguka uani mara mbili kabla halijapata njia ya kutokea.

 Nilianza kufuta meza, maana nikisema neno lingekuwa "nilikwambia". Batt akavua shati jeupe, akalitundika kwenye kiti changu, akaniuliza kama ng'ombe wameletwa. Nikasema bado. Akavaa mabuti, akatoka kwenda kuwaita.